Vidole Viwili

Ukiolewa na fundi cherehani, ujue umeolewa na mbishi. Mume wangu angeweza kubishana na futi yake mwenyewe mpaka futi ikaomba radhi. Mteja alikuja na kitambaa chake, akasema, "Fundi, nataka inibane hapa kiunoni," naye alimpima, akaitikia vizuri kabisa, kisha akashona anavyotaka yeye: kipimo cha mwili, na upana wa vidole viwili vya ziada. Vidole viwili kwa kila nguo, ya mzee na ya bibi harusi. "Nguo ni ya mtu anayepumua," alisema. "Anakula, anaketi, ananenepa. Mimi sishonei sanamu." Wateja walirudi, basi nikamwacha.

Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi pia. Jina lake hasa nimeliweka akiba kwa siku za ugomvi.

Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna cherehani mbili, kioo kirefu chenye ufa pembeni, pasi, na meza ya kukatia vitambaa ambayo seremala aliitengeneza ngumu na pana, kwa sababu Fundi hakuamini meza inayoyumba. Binti yetu anashona pale tangu amalize shule. Baba yake alimpa jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa mdomo wake. Anashona vizuri, mshono wake umenyooka, lakini koti hajui kukata. Fundi hakumfundisha. Mafundi ni wachoyo, nimekaa nao nawajua: watakufundisha yote, halafu watabakiza jambo moja mfukoni ili usije ukawasahau. Kwa mume wangu jambo hilo lilikuwa koti, jinsi ya kukata shingo yake na bega lake. Alisema atamwonyesha akikomaa.

Ugonjwa ulianzia kwenye kidole gumba. Alishindwa kutunga uzi. Nilimcheka, nikamwambia uzee umebisha hodi, anunue miwani. Miwani ikanunuliwa na uzi haukuingia. Baadaye mkono ukalegea, ukafuata mguu, ikaja shingo. Daktari alitutajia jina refu la ugonjwa huo, kisha akatupa maana yake kwa maneno machache: misuli itakufa mmoja baada ya mwingine, na akili itabaki palepale inatazama. Nikamuuliza kama kuna dawa, hata ya kuchelewesha tu. Akatazama dirishani. Afadhali angenitukana.

Mtu akishaambiwa hivyo, hupunguza matakwa yake mpaka yabaki moja. La Fundi lilikuwa hili: aketi kwenye meza yake ya kukatia, sauti ikiwa bado ipo, amfundishe Sindano koti. Akilala sauti yake haikutoka, ilibaki kifuani ikikoroma. Akiketi wima ilitoka vizuri. Shida ilikuwa huko kuketi. Kwenye kiti cha kawaida alianguka upande, kidevu kikagota kifuani, mate yakamwingia njia ya hewa, na sote tukapiga kelele. Tulimwekea mito. Tukamfunga kwa shuka kwenye kiti cha sebuleni.

"Mmenifunga kama robota la mitumba," akasema. "Bado kunipeleka sokoni tu."

Sindano akacheka mpaka akatoka nje. Alipokaa muda bila kurudi, nikajua kule nje hakuwa anacheka.

Ndipo hospitali ilipotutumia mpimaji. Ana kazi moja tu, kuwapima watu wasioweza kujishikilia, ili watengenezewe viti vya kuwashikilia. Alikuwa mwanamke aliyemzidi Sindano miaka michache, viatu akaviacha mlangoni, na mkobani mwake mlikuwa na vibao viwili bapa na futi ya chuma isiyopinda. Fundi aliiona ile futi, uso ukamchangamka kwa dharau.

"Hiyo ni ya seremala, binti yangu."

"Ndiyo, Baba. Sipimi mzunguko. Napima kutoka huku mpaka kule, moja kwa moja."

Nilidhani ataanza kupima. Hakupima. Alikataa kitanda, akasema godoro hudanganya, akauliza kama tuna mahali pagumu. Tukamlaza Fundi juu ya meza yake ya kukatia vitambaa. Akamkunja miguu taratibu, akatafuta kwa vidole gumba ile mifupa miwili ya nyonga iliyochomoza mbele, akainama kuitazama kama iko sawa. Haikuwa sawa, wa kushoto ulikuwa chini. Akausukuma kidogo kidogo mpaka ikalingana. "Nyonga ikikaa upande, kila kilicho juu yake kitakaa upande," alituambia. "Nikimpima akiwa amepinda, nitakuwa nimemtengenezea kiti cha kumpinda." Kisha tukamketisha ukingoni mwa meza, Sindano akamshika mgongo, miguu ikawekwa juu ya sanduku. Akaweka kibao kimoja nyonga hii na kingine nyonga ile, akapima katikati. Akapima paja, kutoka nyuma ya makalio mpaka nyuma ya goti. Akapima goti mpaka kisigino. Akapima kutoka meza mpaka kwapani, kulia, halafu kushoto, maana alisema hakuna mtu aliye sawa pande zote.

Fundi alikuwa kimya muda wote, jambo ambalo si kawaida. Kumbe alikuwa anasubiri.

"Umeongeza ngapi?"

"Sijaongeza, Baba."

"Hata kidole?"

"Kiti si nguo. Nguo inamfuata mtu. Kwenye kiti, mtu ndiye anayekifuata. Nikikuachia uwazi, mwili wako utautafuta, utaangukia humohumo."

Alipoondoka, Fundi akaniambia, "Msichana mzuri. Lakini hajui mwili."

Tukakaa kusubiri. Vyuma vya kiti vilitoka mbali, na karakana ilikuwa moja kwa watu wote. Mvua zikaja, zikaenda. Fundi akapungua. Shati alilojishonea mwenyewe, lenye vidole viwili vyake, likayameza mabega likabaki linaning'inia. Nikaanza kumpa mayai asubuhi na maziwa jioni, nikimponda kila kitu kwa kijiko, maana mgonjwa haulizwi uji. Kila nilichomwingiza mdomoni sikujua kinakwenda wapi.

Siku moja mpimaji akapiga simu. Karakana imefikia zamu yetu, alisema, lakini vile vipimo vimezeeka, na yeye yuko upande wa pili wa mkoa na gari limeharibika. Alituomba tumpime upya upana wa nyonga tu, tumpelekee namba. Simu ilikuwa imefunguliwa sauti, sote tulisikia: mahali pagumu, nguo nyepesi, kitabu upande huu na kitabu upande ule, futi inyooke, na tusiongeze hata unywele.

"Kwa nini anahangaika kueleza?" Fundi akasema. "Amepigia simu nyumba ya mafundi."

Tukamketisha mezani. Sindano akaweka vitabu, akanyoosha futi, akaisoma namba kwa sauti.

"Ongeza vidole viwili," baba yake akasema.

Sindano akanitazama. "Baba, amesema tusiongeze."

"Amesema yeye. Fundi hapa nani?"

"Kinyozi hajinyoi," nikamwambia mimi. "Mwache mwenye kazi yake afanye kazi yake."

"Sijinyoi. Napimwa." Akapumzika, akavuta pumzi. "Halafu mimi nitanenepa. Si unanipa mayai? Mwezi ujao kiti kitakuwa kinanibana, mtaanza kulia hapa."

Nilikuwa na jibu mdomoni, kali kabisa. Lakini nilimwona uso. Alikuwa ameamini mayai yangu. Ndani ya nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameyaamini. Sindano naye aliona, na mtoto aliyelelewa akiambiwa kila siku kwamba nguo ni ya mtu anayenenepa, utamwambiaje leo asiongeze? Akaongeza vidole viwili, akatuma namba.

Kiti kilipofika, majirani walitoka nje kama gari la zimamoto limeingia. Mwenye duka la dawa aliacha mteja kaunta. Kilikuwa kiti kizuri, sitakisema vibaya. Kilikuwa na magurudumu, mgongo ulioweza kulazwa nyuma kidogo, kishikizo cha kichwa, na vishikizo viwili vya mbavu, kila kimoja kimewekwa kwa urefu wa upande wake. Tukamwogesha Fundi, tukamvika shati, tukamweka. Akakaa! Kichwa juu, macho mbele. Sindano akamsukuma mpaka mezani, na nikamsikia mume wangu, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mvua hazijaanza, akisema:

"Leta kitambaa. Kile kizito. Kikunje mara mbili, upande mzuri uingie ndani. Tunaanzia shingoni. Watu wote huanzia begani, ndiyo maana makoti ya watu wote yanaruka nyuma ya shingo. Chora mstari wa—"

Hakuanguka, alizama. Nyonga ya kushoto iliutafuta ule uwazi ikaukuta, ikateremka humo. Ubavu ukafuata, kishikizo kikamkaba kwapani, kichwa kikatoka mahali pake, kidevu kikaja kifuani, na sauti ikakatika katikati ya mstari. Tukamnyanyua. Akasema maneno mawili, akazama tena. Tukasukumia mto, mto ukabonyea. Tukakunja taulo, taulo likateleza. Mpaka jioni Sindano alikuwa amechora mstari mmoja wa chaki, na haukuwa umefika popote.

Siku zilizofuata alikataa kuondolewa kwenye kile kiti. Nikamwambia tumwite mpimaji. Akasema kiti kipya lazima kikuzoee. Nikamwita jina lake hasa, lile la siku za ugomvi, na bado hakukubali. Kisha nikiwa namwogesha nikaona doa jekundu kwenye mfupa wa kukalia, kushoto, pale uzito wake wote ulipokuwa ukilalia. Kesho yake lilikuwa jeusi pembezoni. Baada ya hapo likafunguka, na kidonda kile kilikuwa na kina. Fundi akarudi kitandani, kiti kikabaki dukani karibu na kioo, na Sindano akawa anakizunguka akienda kuchukua pasi.

Mpimaji alikuja mwenyewe, gari lilipotengenezwa. Alitazama kidonda kwanza, akakifunika taratibu. Akaniomba tumketishe kwenye kiti kidogo tu, juu ya sponji, ili aone. Akapitisha mkono kati ya nyonga na ukingo wa kiti. Mkono ukapita wote.

"Nani alipima?"

Sindano alifungua mdomo. Baba yake akamwahi.

"Mimi."

Nilitaka amgombeze. Wallahi nilitaka mtu mmoja tu amgombeze yule mzee, nipate wa kumgombeza mimi kwa kumgombeza mume wangu. Mpimaji hakugombeza mtu. Alisema ataweka sponji ngumu pembeni, itasaidia kidogo kidonda kikipona, kama kitapona. Vishikizo vya mbavu viliungwa na upana wa kiti, haviwezi kumfikia. Kiti lazima kikatwe upya, na kukikata upya ni kurudi mwisho wa foleni.

"Na kwa huku kupungua kwake," nikamuuliza mlangoni, chini kwa chini, "foleni itafika?"

"Mama," akasema, akanishika mkono. La kuvunda halina ubani.

Tukatandika blanketi jembamba kwenye meza ya kukatia, tukamlaza tena pale. Mpimaji akarudia yote, mifupa ya nyonga, vibao viwili, futi ya chuma. Safari hii Fundi hakuwa na dharau. Alifuata mikono yake kwa macho, na mpimaji alipoisoma namba, Fundi akaniomba kwa macho nimsogezee sikio. Sauti yake ilikuwa imebaki ya kunong'ona, mimi nikawa namfikishia mpimaji maneno yake.

"Anauliza kitafika lini."

"Kama kile cha kwanza, Baba. Pengine zaidi."

Akafikiri. Nikainama tena.

"Anasema usiandike hiyo namba." Nikasubiri, nikasikiliza, na sikutaka kuendelea, lakini alikuwa ananitazama. "Anasema mzazi akileta mtoto kushonewa sare, yeye huikata kubwa ili mtoto akue ndani yake. Anasema kiti chake ukikate kidogo. Atakuwa amekifikia."

Mpimaji akaweka kalamu chini. "Baba, mimi napima kilichopo."

Hilo Fundi alilijibu mwenyewe, na sote tulisikia. "Kilichopo hakitakuwepo."

Nikapandwa na hasira. Sijui ilitoka wapi, ilikuwa ya miezi yote. "Kiti cha nini basi?" nikamwambia. "Wakati huo hutakuwa na sauti hata hii! Utamfundisha nini mtoto, kwa mdomo gani?"

Akaninong'oneza taratibu, akipumzika kila baada ya neno. "Nitamtazama akikata."

"Na akikosea?"

"Nitafumba macho."

Amenichekesha miaka yote, na hapo pia nilicheka, machozi yakinidondokea shingoni mwake. Nikayafuta kwa mkono.

Mpimaji akasema hawezi kukisia mwili wa mtu. Hajui unapungua kiasi gani, na kiti kikiwa kidogo mno hakitamwingia kabisa, itakuwa hasara mara mbili. Fundi akageuza macho kwa Sindano. Alitaka yeye aseme. Yeye ndiye mwenye jicho, angeweza kumtazama mteja akiingia mlangoni akajua kiuno chake. Lakini Sindano alikuwa amepiga magoti sakafuni anaokota pini, na pini hazikuwepo.

Mimi sijawahi kushika futi. Ndoa nzima nimekuwa nikifagia vipande vya vitambaa vyao na kuwapikia. Lakini mimi ndiye ninayemwogesha. Nilipoanza, kumgeuza ubavu kulitaka mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Siku hizi kiganja kinatosha. Hakuna mpimaji anayeujua mwili ule ukiondoka kama ninavyoujua mimi, kwa sababu unaondokea mikononi mwangu, kila asubuhi, kwa maji ya vuguvugu.

Nikasogea mezani. Nikaweka vidole viwili juu ya nyonga yake, upande wa ndani wa kile kibao.

"Punguza hivi," nikasema.

"Una uhakika, Mama?"

Fundi akavitazama vidole vyangu. Akavitazama kama alivyokuwa akitazama mshono wa mwanafunzi, akiwa ameshaona kosa na anatafuta namna ya kulisema bila kuumiza. Nikainama.

"Vitatu," akaninong'oneza.

"Viwili vinatosha."

"Vitatu, mke wangu."

"Fundi, viwili! Ninakupa mayai."

Yule mbishi, aliyebishana na watu wazima, na madaktari, na futi yake mwenyewe, alinyamaza akanisubiri. Nje mtu alikuwa anagonga mlango wa duka akiulizia suruali yake, na hakuna aliyemwitikia.

Nikaweka kidole cha tatu. Mpimaji akanyoosha futi yake ya chuma, akapima upana wa vidole vyangu, akauandika.